Babu wa ng'ambo ya Songwe: uchambuzi wa kisa cha familia moja ya Mbeya

Kisa hiki ni cha familia moja ya Mbeya Mjini ambayo babu yao alitoka Nyasaland, Malawi ya leo, akaja kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa, huko Chunya. Niliitwa kuwasaidia kukusanya na kupanga kumbukumbu zao, kazi ambayo nimekuwa nikiifanya na familia na sharika kadhaa za ukanda huu. Majina, mtaa, kanisa na baadhi ya mahusiano yameondolewa. Wazee wa familia walisomewa andiko hili na kuridhia litoke.

Nimeliandika kwa sababu familia nyingi zinaamini kwamba historia ya wahamiaji hupotea kwa kuwa wazee wanasahau. Hapa wazee hawakuwa wamesahau kitu. Walikuwa wamenyamaza kwa makusudi, kwa sababu nzito, na waliotaka kuwarekodi hawakujiuliza sababu hizo ni zipi.

## Usuli

Nyanda za Juu Kusini zimejaa watu ambao babu zao walitoka mbali. Rujewa kuna Wabaluchi ambao kwa vizazi kadhaa sasa ni wenyeji wa Usangu kama wenyeji wengine. Iringa mjini kuna familia za asili ya Kihindi ambazo hazijui mji mwingine wa kuuita nyumbani. Ukishuka Songea, Wangoni watakusimulia safari iliyoanzia kusini kabisa mwa Afrika.

Chunya ina watu wake pia. Dhahabu ya Lupa ilianza kuvuta watu katika miaka ya 1920, na miaka ya 1930 ikawa mbio kweli kweli, kiasi kwamba hata mji wa Mbeya ulikua kwa kuwa njia na soko la wanaokwenda machimboni. Walioshika leseni kubwa walikuwa Wazungu. Waliochimba, kubeba na kuosha mchanga walitoka Usafwa, Unyakyusa, Ukinga na Ubungu, wengine walivuka mto Songwe kutoka Nyasaland, na wengine walitoka Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo.

Wale wa kaskazini mwa Nyasaland mara nyingi walikuja na elimu. Wamisionari wa Kiskoti wa Livingstonia walikuwa Bandawe, kando ya Ziwa Nyasa, tangu 1881, na mwaka 1894 wakafungua kituo kikubwa Khondowe, juu milimani. Kijana aliyepita kwenye shule zao alijua kusoma, kuandika na hesabu, na machimboni mtu wa namna hiyo hakushika sululu, alipewa kalamu.

Babu wa familia hii alikuwa mmoja wao, Mtonga wa pwani ya Nkhata Bay. Alipata ukarani, akaoa binti wa Kisafwa, na watoto wao wakazaliwa kambini. Mgodi wa Saza ulipofungwa mwaka 1956, akahamia Mbeya Mjini na kufungua duka dogo. Alifariki katika miaka ya 1980, na bibi akamfuata baadaye. Wakati kisa hiki kinaanza, watoto wao waliobaki hai walikuwa wawili: Shangazi, binti wa kwanza, aliyekuwa na miaka zaidi ya themanini, na Baba Mdogo, kitinda mimba.

Nyumbani kwao walizungumza Kiswahili, na Kisafwa walipokuwa na ndugu wa bibi. Kitonga cha babu kilisikika tu alipotembelewa na wenzake wa zamani wa machimboni. Hata hilo lilikoma. Malawi ilipata uhuru 6 Julai 1964, na miezi michache baadaye mawaziri waliotofautiana na kiongozi wake, Kamuzu Banda, walikimbilia nje, baadhi yao wakaja Tanzania. Mwaka 1967 mzozo wa mpaka wa ziwa ukapamba moto kati ya serikali mbili. Mtu wa duka, mwenye jina la ng'ambo na ndugu ng'ambo, aliona ni busara kukaa kimya. Aliwaambia wanawe: "Mkiulizwa, semeni ninyi ni wa Chunya." Wakasema hivyo maisha yao yote, na haukuwa uongo.

## Kilichoibua swali

Mtoto wa pili wa familia, ambaye wajukuu wengi walimwita Baba Mkubwa, alifariki, na kamati ya msiba ikampa mjukuu mmoja kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Kila anayejua misiba ya huku anajua wasifu unavyoanza: alizaliwa lini, wapi, mtoto wa ngapi wa nani, na huyo naye ni wa wapi. Mjukuu aliuliza watu watatu, akapata majibu matatu. Mmoja alisema babu ni mtu wa Nkhata Bay. Mwingine alisema Karonga. Wa tatu, mzee wa kanisa aliyefahamiana na babu, aliapa kwamba yule alikuwa mtu wa Kyela. Wasifu ukasomwa mbele ya jeneza ukiwa na maneno "asili yake ni kusini", na waombolezaji wa upande wa bibi wakatazamana.

Baada ya matanga wajukuu walikubaliana kwamba jambo hilo lisijirudie. Walichanga fedha, wakachagua mmoja wao anayefanya kazi Dar es Salaam awe kiongozi, wakapanga kuwarekodi wazee wakati wa Krismasi.

## Kamera sebuleni

Kiongozi alikuja na kamera, stendi, taa na orodha ya maswali aliyoyapiga chapa. Alikuwa amejiandaa vizuri na alikuwa na nia njema kabisa. Shangazi aliketishwa kwenye kochi, akavalishwa kitenge kipya, familia nzima ikakaa nyuma ya kamera. Swali la kwanza lilikuwa: "Shangazi, tueleze asili ya familia yetu."

Alijibu, "Sisi tulizaliwa hapa hapa. Chunya." Swali la pili likapata jibu fupi zaidi. Baada ya hapo alisema anasikia baridi, akaomba kwenda kulala. Baba Mdogo alizungumza kwa muda mrefu, lakini alichosimulia ni ujenzi wa reli ya TAZARA na jinsi alivyopata kibarua huko. Ni habari nzuri, ila haikuwa ile waliyoitafuta.

Wajukuu walihitimisha kwamba Shangazi ameanza kupoteza kumbukumbu. Mkwe mmoja, aliyekuwa akimsaidia kuoga, ndiye aliyepata ukweli. Usiku ule Shangazi alimwambia, "Hawa watoto wanatafuta maneno ya kuwapa watu sababu." Ilijulikana kwamba miaka michache nyuma mjukuu mmoja, alipokwenda kuomba kitambulisho cha taifa, aliulizwa kuhusu jina la ukoo na kuambiwa alete vielelezo vya wazazi na babu. Mwishowe alikipata. Lakini Shangazi alikuwa amesikia habari ile, na kwake ilithibitisha onyo la baba yake: wakitaja asili, uraia wao utatiliwa shaka.

Hapo ndipo nilipoitwa.

## Uamuzi wa kwanza: kushughulikia hofu

Nilipendekeza kamera ifungiwe, na asiulizwe mtu swali lolote la historia hadi suala la uraia liwe wazi mbele ya wazee. Baadhi ya wajukuu waliona ni kupoteza muda, kwa kuwa wao wote wana vitambulisho na hakuna aliyewasumbua. Hofu, hata hivyo, haikuwa yao, ilikuwa ya Shangazi, na yeye ndiye aliyeshika hadithi.

Familia ilimwomba wakili wanayesali naye aje nyumbani, anywe chai, awaeleze wazee kwa lugha nyepesi. Alichosema ni hiki: kwa sheria iliyoanza siku ya Uhuru, 9 Desemba 1961, mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika, alikuwa raia tangu siku hiyo bila kuomba. Watoto wote wa babu walizaliwa Chunya kabla ya Uhuru. Na mama yao alizaliwa Usafwa.

Nilikuwepo, na nilimwona Shangazi akigeuka kumtazama mdogo wake. Aliuliza, "Kwa hiyo ni mama?" Wakili akajibu, "Ndiyo, mama. Ni mama yenu."

Tukaamua kutafuta uthibitisho wa bibi. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, na kwa mwanamke wa kijijini wa miaka ile si ajabu, lakini kitabu cha ubatizo kilikuwepo. Mtunza kumbukumbu wa usharika alikitoa kabatini, akapekua kwa subira kubwa, akapata jina la bibi, majina ya wazazi wake na kijiji chao kwenye miteremko ya mlima Mbeya, kwa mwandiko wa wino uliogeuka rangi ya kahawia. Tuliupiga picha ukurasa ule, na usharika ukatoa barua ya kuthibitisha. Nakala moja alipewa Shangazi mwenyewe, akaiweka ndani ya Biblia yake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu familia za wahamiaji huku kwetu hupenda kusimulia upande wa aliyesafiri. Babu alivuka mto, kwa hiyo hadithi ikawa yake. Bibi hakwenda popote, hivyo hakuna aliyemuuliza kitu alipokuwa hai, wala aliyemtaja baada ya hapo. Kumbe ni yeye aliyewapa watoto wake nchi.

## Uamuzi wa pili: kuanzia kwenye sanduku

Baba Mdogo alikuwa na sanduku la bati la babu, limehifadhiwa darini. Nilishauri kikao cha kwanza kiwe cha kulifungua, bila swali lililoandaliwa, na simu moja tu ya kunasa sauti, iwekwe mezani mahali ambapo Shangazi anaiona na anaweza kuizima mwenyewe. Tulimfundisha kitufe cha kuzima. Alijaribu, akaridhika.

Ndani ya sanduku kulikuwa na risiti za kodi, kitabu cha nyimbo za kanisa chenye mhuri wa Bandawe, kaptula nyeupe iliyoliwa na nondo, na kibuyu kirefu chenye shingo iliyopinda, kimetobolewa tundu dogo ubavuni. Kibuyu hicho ndicho kilichokuwa kimelifanya sanduku likae darini miaka yote. Mkwe mmoja mlokole alikiona zamani, akaamini ni cha uganga, akataka kichomwe moto. Baba Mdogo hakukubali, ila hakuwa na maelezo ya kumpa.

Shangazi alikichukua, akapitisha kidole kwenye tundu, akasema, "Utando umekatika." Kisha akaanza kueleza, na simu ikinasa. Kile ni chombo cha malipenga, ngoma ya wanaume wa kaskazini mwa Nyasaland, iliyoiga gwaride na bendi za askari wa King's African Rifles baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Wachezaji huvaa kaptula nyeupe na soksi ndefu, husimama kwa mistari, kikundi chao huitwa boma na kina vyeo vyake. Kibuyu hakipulizwi kama filimbi. Mtu huimba ndani yake, na utando uliofunika tundu hutetemeka na kuigeuza sauti ikasikika mithili ya tarumbeta.

Utando wenyewe ni wa buibui. Baba Mdogo alitoka nje, akatafuta chini ya paa la banda la kuku, akarudi na kile kifuko cheupe ambacho buibui hutagia mayai, akakikwangua taratibu kwa wembe, akakitandaza kwenye tundu na kukibana kwa mate na nta kidogo. Alipoimba ndani, sauti ikatoka ya kukwaruza, ya juu, na watoto waliokuwa barazani wakakimbilia ndani. Shangazi akapokea wimbo. Aliimba beti mbili za Kitonga, lugha ambayo hakuna hata mmoja wa wajukuu aliyewahi kumsikia akiitamka.

Kambi za machimbo zilikuwa na maboma ya malipenga yaliyoshindana Jumapili. Babu alikuwa na cheo. Hayo tuliyajua kupitia kibuyu, na nina hakika tusingeyapata kwa swali lolote la kwenye karatasi.

## Jikoni, na vigingi vya miaka

Baada ya siku ile Shangazi mwenyewe ndiye aliyependekeza kikao kilichofuata. Alitaka kupika kondowole, ugali wa mihogo wa kwa baba yake, akasema wajukuu wanaokula ugali wa sembe hawajui wanachokosa. Aliagiza mihogo ilowekwe, ianikwe na kusagwa, na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga kutoka Kyela.

Hapa tulimpiga picha za video kwa ruhusa yake, na tulielekeza kamera kwenye mikono na miguu, si usoni. Kondowole ni kazi ya mwili mzima. Unga ukishamwagwa kwenye maji yanayochemka, sufuria hushushwa chini, mpishi hukaa, huibana kwa nyayo zilizofungwa matambara, hushika mwiko mkubwa kwa mikono miwili na kuvuta, kukunja, kuvuta tena, mpaka ugali unakuwa mzito wa kunatanata na kung'aa. Shangazi alianza, nguvu zikamwishia, akamwachia mjukuu wa kike na kumrekebisha: "Vuta kuelekea kwako, mama, usikoroge kama uji."

Mikono ya wengine ikiwa kazini, yeye akasimulia safari. Tulikuwa tumekubaliana kutouliza "lini", kwa sababu swali la mwaka huwakatisha wazee wengi, na badala yake kuuliza "halafu akafika wapi?" na "alikula nini hapo?" Ikatoka hivi: babu alizaliwa na kusoma upande wa Bandawe. Akaenda Karonga kufanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja. Kutoka Karonga akavuka Songwe, akakaa Kyela msimu mzima wa mpunga akiishi kwa mtu aliyemfanya ndugu, kisha akapanda Tukuyu, Mbeya, na kupitia njia ya mlimani ya Kawetire kushuka Chunya. Yale majibu matatu ya msibani yalikuwa ya kweli yote. Kila aliyejibu alikuwa amepokea kituo kimoja cha njia.

Miaka tuliipata kwa vigingi, yaani matukio yanayojulikana tarehe zake. Shangazi alikumbuka habari ya kuzama kwa meli ya Vipya kwenye ziwa, kwa kuwa baba yake alilia mbele za watu. Alisema wakati huo alikuwa tayari anachota maji kwa kikopo kidogo lakini hajaanza shule. Vipya ilizama Julai 1946, hivyo Shangazi alizaliwa karibu na 1940, na ndoa ya wazazi wake ni ya kabla ya hapo. Kufungwa kwa Saza, Uhuru na kuanza kwa TAZARA vilitupa vigingi vingine. Kwa familia ambayo haina cheti hata kimoja cha kabla ya Uhuru, njia hii ni ya kuaminika kuliko kumlazimisha mzee ataje mwaka.

## Fedha za dada, na video iliyovuja

Si kila kilichosimuliwa kilikuwa kitamu. Shangazi alikuwa na kinyongo cha miaka sabini. Kila mwisho wa mwezi babu alituma fedha Nyasaland kwa dada yake na watoto wa dada huyo, hata miezi ambayo nyumbani kwake walikula mara moja kwa siku. Bibi aliliona hilo kuwa dharau, na binti yake akalirithi.

Ni Baba Mdogo aliyelifafanua. Watonga wa ziwani, kwa desturi yao ya zamani, huhesabu ukoo upande wa mama. Mpwa ndiye mtu wa mjomba wake. Kwa babu, kumtunza mtoto wa dada lilikuwa deni lisilokwepeka. Kwa Wasafwa, wanaohesabu ukoo kwa baba, ilikuwa ni mali ya nyumba kupelekwa nje. Mke na mume waliishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, kila mmoja akitimiza wajibu kama alivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kumweleza mwenzake. Shangazi alisikiliza, akasema tu, "Angemwambia mama." Nadhani hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote tulizonasa.

Ndiyo pia iliyoleta balaa. Nilikuwa nimeomba familia ikubaliane mapema nani atasikia nini, na tukaandika mafungu matatu: ya watu wote, ya ukoo, na ya kufungwa hadi msimulizi aruhusu. Kikao cha kulipitisha kiliahirishwa mara kadhaa, maana watu walikuwa na harusi na mitihani ya watoto. Katikati ya kuahirisha huko, kijana mmoja alikata kipande ambacho Shangazi anamlaumu baba yake kwa ukali, akakituma kwenye grupu la WhatsApp la familia. Hakutuma maelezo ya Baba Mdogo yaliyofuata. Saa chache baadaye tawi moja la familia lilikuwa limeshakasirika kwamba babu anadhalilishwa, na mtu akamchezea Shangazi kipande kile kwa sauti kubwa.

Aliifungia simu ya kunasia kwenye kabati lake, akanyamaza kwa miezi mingi. Kijana alikwenda kuomba radhi akiwa na mama yake na mzee wa kanisa, kama inavyotakiwa. Shangazi alimsamehe, na baadaye akarudi kusimulia, lakini habari za nyumba ya wazazi wake hakuzigusa tena.

## Matokeo

Familia sasa ina saa kadhaa za sauti, video ya kondowole, picha za kila kilichomo sandukuni, ukurasa wa ubatizo wa bibi, na andiko la kurasa chache linaloeleza njia ya babu kituo kwa kituo. Kila kitu kina nakala tatu: flashi kwa Baba Mdogo, nyingine kwa mjukuu wa Dar es Salaam, na hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake wanaijua watu wawili. Fungu la kufungwa lipo. Lina habari moja ambayo Shangazi aliisema mara moja tu, haikuvuja, na sitaidokeza hapa.

Mjukuu mmoja alipendekeza kibuyu kipelekwe makumbusho, kama yale ya Boma la Iringa. Baba Mdogo alikataa kwa sasa, akisema kwanza wajukuu wajue kukiimbia. Kinakaa kwake. Yule mkwe mlokole alisikiliza maelezo yote kwa heshima, akasema ameelewa, lakini hataki kikae nyumbani mwake, na familia imeliheshimu hilo.

Nyimbo mbili hazijapata tafsiri kamili. Mama mmoja wa Nkhata Bay anayefanya biashara sokoni Mbeya alizisikiliza, akazielewa kwa sehemu kubwa, lakini mistari mitatu ilimshinda. Alidhani ni mafumbo ya maboma ya zamani. Wenzake babu walioyajua wamekufa wote.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni kutanguliza hofu. Wakili, chai na barua ya usharika viligharimu kidogo sana kuliko kamera, na ndivyo vilivyofungua mdomo. Ningependa kila familia ya mpakani, ya Kyela, Ileje, Tunduma au Mbamba Bay, inayotaka kuandika historia yake, ianze na swali hili: mzee wetu anadhani nini kitatupata tukisema? Jibu likiwa ni uraia, atafutwe mtu wa sheria. Likiwa ni ugomvi wa mirathi au aibu ya ndoa, dawa yake ni nyingine, lakini nayo itangulie.

Kitu cha kushika kilifanya kazi, na kazi ya mikono ilifanya kazi. Sidhani ni suala la mbinu tu. Shangazi alipoulizwa "asili" aliwekwa kizimbani. Alipopewa kibuyu na mwiko alikuwa mwalimu, na wengine wote wakawa wanafunzi wake. Heshima ya namna hiyo ndiyo wazee wetu wameizoea: hadithi hutolewa na mtu mwenye mamlaka ya kuitoa, mahali anapopachagua.

Vigingi vya miaka vina kasoro yake. Vinasaidia matukio yaliyogusa hisia na vinaacha mapengo kwenye miaka ya kawaida. Kati ya 1946 na 1956 familia hii ina picha moja tu ya maisha ya kambini, na huenda ikabaki hivyo.

Kilichoshindwa vibaya ni utaratibu wa nani asikie nini. Mafungu matatu yalikuwa sahihi, lakini yalibaki kwenye karatasi wakati sauti zilikuwa tayari kwenye simu za watu wengi. Makubaliano hayo yanapaswa kupitishwa kabla ya kunasa neno la kwanza, sauti zikae kwa mtu mmoja anayeaminika na msimulizi, na kipande chochote kisitoke bila msimulizi kukisikia kwanza. Kijana aliyetuma hakuwa na ubaya, alifurahi tu kusikia shangazi yake akisema wazi. Hata hivyo hasara iliyotokea hairudishiki, kwa kuwa aliyekuwa shahidi mkuu wa ndoa ile ameamua kutoisema tena.

Lugha pia ilichelewa. Kama mama wa sokoni angeitwa siku za mwanzo, Shangazi angeulizwa maana ya mistari ile papo hapo, alipokuwa bado na moyo wa kuimba. Mbeya ina watu wa Nkhata Bay, Rumphi na Karonga wanaokuja na kurudi kila wiki kupitia Kasumulu. Msaada ulikuwa jirani.

Kuhusu wajukuu waliotaka yote yawekwe mtandaoni ili "historia isipotee", naelewa shauku yao, lakini nilipinga na bado napinga. Historia hii ilifichwa na watu waliokuwa na sababu, na mmoja wao bado anaishi. Kuihifadhi ni jambo moja, kuitangaza ni uamuzi mwingine unaohitaji ridhaa nyingine.

Hatua inayofuata, ambayo familia imeshaikubali, ni upande wa bibi. Katika kile kijiji kilichotajwa kwenye kitabu cha ubatizo yupo bado mke wa kaka yake, mzee sana, anayezungumza Kisafwa peke yake. Safari hii makubaliano ya nani atasikia yameandikwa na kusainiwa kabla, mkalimani ni mjukuu wa kijiji hicho hicho, na Shangazi amesema atakwenda mwenyewe, barabara ikikauka.